Siku ya Thelathini na Nne

Alipanda ngazi za mbao, kandambili mkononi,
asije akachafua, alisema, ofisi ya watu.
Ofisi yenyewe chumba kimoja juu ya duka la spea za baiskeli,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
feni la mapanga mawili, la tatu lilipinda,
na harufu ya grisi ipandayo ngazi kabla ya wateja.

Mwanamvua Mhina. Miaka kumi na tisa chumba cha brashi,
shamba la mkonge Kwamzinde.
Vumbi la nyuzi lilimfundisha kukohoa kwa adabu,
kifupi, ndani ya upindo wa kanga.
Akafungua daftari la mjukuu,
jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada,
na ndani vijiti: vinne vimesimama, cha tano kimelala.
Kila kijiti siku. Kurasa kwa kurasa za siku.
"Barua hawakunipa. Asubuhi jina langu halikusomwa, basi."

Nikahesabu kwenye kalenda ya duka la chini.
Sheria inakupa siku thelathini za kulalamika.
Hii ilikuwa ya thelathini na nne.
"Meneja alisema njoo Jumatatu," akaeleza.
"Nikaenda Jumatatu nne."

Thelathini.
Babu yangu aliletwa Tanga manamba, kutoka Kasulu,
na kipande chenye vyumba thelathini,
jua moja chumba kimoja,
na mnyapara akinuna, kalamu haiandiki.
Kipande ninacho, kimegeuka rangi ya chai.
Nilikitia fremu mwaka nilioapishwa,
nikakitundika juu ya meza ambapo niliwaandikia matajiri
zile barua za "kampuni inasikitika kukujulisha."
Nilikuwa hodari wa kusikitika.
Kila sikitiko lilikuwa na bei yake.

Lugha yetu haina haya na kitenzi hiki:
mkonge unakatwa, mshahara unakatwa,
mtu anakata tamaa,
na kwa kisu kilekile anakata rufaa.
Chuoni hawakunifundisha hilo. Nililiona usiku ule
nikiandika maombi ya kuongezewa muda,
umeme nao umekatwa,
nazitafsiri Jumatatu nne
kwa taa ya simu, ziwe lugha ya Tume.

Muda tukapewa. Kwenye shauri lenyewe
wakili wao, kijana, viatu vinang'aa, akacheka vijiti.
"Huyu hatumjui. Alikuwa kibarua wa kupita."
Akatoa daftari la mahudhurio kuthibitisha jambo jingine kabisa.
Mimi nikatafuta Machi kumi na moja, mwaka wa saba wa vijiti,
mahali penye nafasi tupu.
"Siku hii ulikuwa wapi, mama?"
"Namzika mume wangu."
Kwao, Machi kumi na moja, wino mwekundu:
Mhina, hayupo.

Mwamuzi alivua miwani.
Mtu usiyemjua humwandiki hayupo.

Hatukupata yote. Tulipatana kwa chini ya nilichodai,
nami usingizi uliniruka nikijumlisha tofauti.
Pesa alizihesabu mara moja, akazifunga.
Cheti cha utumishi ndicho alichokikataa:
walimwandika Mwanamvita.
"Huyu hakufanya kazi pale," akasema, akakirudisha mezani.
Siku kumi na sita tuligombea herufi tatu.
Kilipokuja kingine alikaa kwenye benchi,
kidole chini ya silabi,
Mwa, na, mvu, a,
kisha akakohoa kile kikohozi chake
na kushuka ngazi bila kuaga.

Ndugu yangu wa Dar, mwenye mikataba ya migodi,
huniuliza kila Idi: unapata nini huko?
Huwa naanza kumjibu, halafu pilau inaletwa.

Leo chini wanajaribu gurudumu, spoki zinavuma.
Ngazi zinalia. Kijana, sare ya mlinzi, beji imeng'olewa,
uzi umebaki kifuani.
"Wamekuachisha lini?"
"Jana."
Keti, nikamwambia. Viatu vaa.
Tuna siku ishirini na tisa.